Baraza Kwanza

Mwezi wa Mei ulipoingia, nyumba ya ziwani ya Tuomo na Annukka ilikuwa na paa, kuta na madirisha, na vingine vyote vilikuwa bado. Chini palikuwa zege tupu. Ngazi ya kuingilia ilikuwa kreti mbili za bia zilizopinduliwa. Choo kilikuwa cha nje, huko juu kwenye mteremko, na njia ya kukifikia ilikuwa mizizi na mawe. Kilichokamilika ni sauna peke yake, maana hakuna mtu wa Savo, mkoa ule wa maziwa, anayejenga kando ya maji akaacha chumba cha mvuke kiwe cha mwisho. Kuta za nyumba hazijasimama, Tuomo tayari alikuwa anakaa humo akitokwa na jasho, kisha anakimbia kujitosa ziwani. Akimaliza anavaa, anarudi kwenye vumbi lake la mbao.

Jumamosi moja yeye na mkewe waliketi juu ya rundo la mbao, chupa ya kahawa katikati yao, waamue kipi kitangulie. Hawakuwa watu wa kuita mafundi. Tuomo alikuwa anatengeneza mabasi mjini Kuopio, Annukka alikuwa msaidizi katika zahanati ya meno, na nyumba waliijenga kwa mikono yao siku za mapumziko. Benki nayo ilikuwa imeshasema basi. Mpaka pesa ya likizo iingie mwezi wa Julai, uwezo wao ulikuwa wa kitu kimoja kikubwa tu: ama baraza la mbele, ama chumba cha mama yake Tuomo.

Chumba cha mama kilikuwa kile kidogo cha ghorofa ya chini, chenye dirisha la kutazama ghuba. Kiwanja chote kilikuwa chake. Aliwapa bila mbwembwe, mezani kwake, huku anakata mkate: "Jengeni tu. Mimi mnipe kachumba ka kuonea maji." Hakuomba kingine chochote, na wala hakulirudia lile alilosema.

"Mimi nasema baraza," Annukka alisema. "Marjut na mumewe wanakuja Juhannus. Nimeshawaalika, siwezi kurudi nyuma. Sasa nitawakalisha wapi? Kwenye kreti?"

Marjut alikuwa bosi mpya wa zahanati, na Juhannus ni sikukuu ya katikati ya kiangazi, siku ambayo kila mwenye nyumba ziwani hujionyesha kwa wenziwe. Annukka alikuwa anatafuta kupandishwa cheo na hakulificha.

"Na mama?"

"Muulize mwenyewe. Akitaka tuanze na chumba chake, tunaanza na chumba chake. Kweli kabisa, Tuomo. Neno lake ndilo la mwisho."

Alisema hivyo kwa moyo safi. Annukka alikulia kusini, katika mji mkuu, ambako mtu akiulizwa kama anataka kahawa husema ndiyo au hapana, na mambo yanaishia hapo.

Mama yake Tuomo, Hilkka, alikuwa mtu wa Savo wa zamani. Ukimkaribisha kahawa, anakataa. Ukimkaribisha tena, anasema asante, ametoka kunywa sasa hivi. Ukimkaribisha mara ya tatu, anasogeza kiti. Kwake yeye kukubali mara ya kwanza ni uroho, na mara ya pili ni uroho uliojifunika shuka. Kuna mchungaji mmoja mgeni aliyewahi kumkaribisha keki mara mbili kisha akaifunika sahani, na mchungaji huyo alisemwa katika ukoo ule mpaka alipohamishwa. Tuomo aliyajua haya yote kama anavyojua jina lake.

*

Alikwenda kwa mama yake Jumapili. Hilkka alikuwa anaishi ghorofa ya pili katika jengo la mjini, dirisha lake linatazama uwanja wa kuegesha magari. Tangu avunjike nyonga alitembea na kigari cha kushikilia, na kigari hicho kilikuwa hakipendi vizingiti.

"Umekonda," akamwambia mwanawe. "Unajenga au unajengwa wewe?"

"Tunajenga, Mama. Tena nilitaka tuzungumze hilo. Tumefikiria tuanze na chumba chako."

Hilkka alikuwa anamimina kahawa. Alikijaza kikombe kwanza.

"Chumba changu? Haraka ya nini? Mimi nina pa kulala. Malizeni yenu kwanza."

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Tuomo alikunywa kahawa, akala kipande cha mkate mtamu wa iliki, wakazungumzia nyonga, wakazungumzia jirani wa juu anayepiga kinanda vibaya. Alipokuwa mlangoni ameinama anafunga kamba za viatu, aliuliza tena, akiwa anaitazama kamba.

"Lakini kweli, Mama. Kile chumba hakichukui muda. Tukianza nacho, Juhannus utalala kule."

"Msijisumbue kwa ajili yangu."

Hiyo ilikuwa ya pili. Tuomo alisimama wima. Mama yake alikuwa anamkung'uta vumbi la mbao begani, taratibu, na pale begani palikuwa hapana vumbi tena. Ilibaki afungue mdomo tu. Badala yake akasema:

"Basi nitakupigia simu katikati ya wiki, tuone."

"Piga ukipata nafasi," akasema Hilkka.

Annukka alikuwa anamsubiri kwa hamu. "Amesemaje?"

"Amesema tusijisumbue."

"Ulimuuliza vizuri? Hukumbabaisha?"

"Nimemuuliza mara mbili."

"Mara mbili! Maskini, mama wa watu ana roho nzuri." Na Annukka akashusha pumzi, kwa kuwa naye alikuwa na wasiwasi wake. "Basi baraza."

Tuomo aliinama akafungua kamba za viatu. Angeweza kumweleza mkewe kwa sentensi moja, na mkewe angegeuza mpango papo hapo, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini Tuomo mwenyewe alikuwa analitaka baraza. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alikuwa amechoka kukanyaga kreti. Alitaka kukaa mbele ya nyumba yake jioni, miguu juu ya mbao zinazonuka upya, mtu apite na boti aseme, yule Tuomo kweli amejenga. Chumba cha mama nani angekiona?

Jumatano, wakati wa mapumziko, alitoa simu karakanani. Aliitazama, akairudisha mfukoni akasema moyoni kwamba mikono yake ina grisi. Alhamisi mikono ilikuwa safi, akasema duka la mbao linafunga mapema. Ijumaa aliagiza mbao za baraza, na zilipofika zilikuwa nzuri, zimenyooka, hazina jicho la tawi hata moja.

*

Kazi ya baraza ilimpendeza mno. Alipima, akakata, akafunga skrubu moja baada ya nyingine kwa mstari ulionyooka, akipiga mluzi. Akiacha kupiga mluzi, ile simu ambayo hakuipiga ilimjia akilini, basi akaendelea na mluzi. Chumba cha chini walikitumia kuhifadhia vitu: marobota ya pamba ya kuzibia baridi, vipande vya mbao, makopo ya rangi, na baadaye kreti za bia zilipokosa kazi ya kuwa ngazi.

Mwanzoni mwa Juni alimpigia mama yake simu. Alimweleza habari za baraza kwa haraka, kama mtu anayepita mahali penye mbwa.

"Vizuri," Hilkka akasema. "Wageni watapata pa kukaa." Kisha akauliza: "Kile kidirisha cha chini, kina upana gani?"

"Kipi? Cha ghubani?"

"Hicho."

Tuomo akamtajia. Akasikia kalamu ikikwaruza karatasi upande wa pili.

"Unataka cha nini, Mama?"

"Nauliza tu. Mtu hawezi kuuliza?"

Alijiambia ni mambo ya wazee. Angejisumbua kuwaza kidogo tu, angemkumbuka marehemu baba yake, ambaye hakuwa na tabia ya kuulizauliza. Baba alikuwa akiambiwa "usijisumbue" anakwenda zake kimya kuchukua nyundo, na unakuta kitu kimefanyika. Hilkka alikuwa amengoja simu, simu haikuja, na baada ya kungoja akajipatia maelezo yaliyomfaa: mtoto amefuata nyayo za baba yake, chumba anakijenga kimya kimya.

*

Asubuhi ya Juhannus Tuomo alimfuata mama yake mjini. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa gauni la maua na viatu vya sikukuu, na miguuni pake pana begi kubwa lililojaa mpaka zipu inalalamika.

"Mama, unahama?"

"Ndiyo kuhama huko," Hilkka akasema, akacheka. Njiani alizungumza kuliko kawaida yake. Aliulizia kina cha maji mwaka huu, kama ndege wa ghubani wamerudi, kama jua la asubuhi bado linapiga upande ule. Tuomo alijibu yote, na kadiri walivyokaribia ndivyo alivyopunguza mwendo.

Marjut na mumewe Kai walikuwa wameshafika. Marjut alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kujaza chumba, Kai alikuwa bwana mkubwa wa mwili, mpole, anayependa kusaidia. Pembeni mwa mlango Annukka alikuwa amesimamisha miti miwili michanga yenye gome jeupe, kama desturi ya siku hiyo. Baraza lilikuwa linang'aa.

Kilichokosekana ni ngazi. Baraza lilikuwa juu, na Tuomo alikuwa ameweka jiwe moja bapa la kukanyagia, akisema vidato na mkono wa kushikilia atavifunga baadaye. Hilkka alikwenda na kigari chake mpaka kwenye lile jiwe, akalitazama, akainua mguu, akaushusha.

"Subiri, bibi, nakuja!" Kai akasema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshamshika kiunoni kutoka nyuma, akamnyanyua, akamtua barazani. "Hopla! Mwepesi kama unyoya!"

Wote wakacheka. Hilkka naye akacheka, akajinyoosha gauni lililopanda, akafunga kifungo kilichofunguka. Tuomo aliona shingo ya mama yake imekuwa nyekundu mpaka masikioni. Akakipandisha kigari, akajishughulisha na samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Kahawa ililetwa. Annukka alimkaribisha mkwe wake, akakataa. Alipokaribishwa tena alikataa. Tuomo, kwa aibu iliyokuwa imeanza kumtafuna, alichukua birika mwenyewe akamkaribisha mara ya tatu.

"Hapana, mwanangu. Leo sinywi."

Alibaki ameshika birika. Mama yake kukataa kahawa mara ya tatu hakujawahi kutokea, hata siku ya mazishi ya baba. Kisha akaona macho ya mama yake yanakotazama: juu kwenye mteremko, kwenye ile njia ya mizizi na mawe, na kile kijumba cha choo mwisho wake. Mwanamke yule alikuwa anapiga hesabu ya kibofu chake. Maji pia hakunywa. Katika joto lile alikaa kutwa midomo mikavu, anawasikiliza wageni wakisifia mandhari.

"Hili baraza," Marjut alisema, "yaani Annukka, hili baraza! Mnakaa hapa kama wafalme."

"Ni Tuomo huyo," Annukka akasema, akamshika mumewe bega. "Wikiendi zote ziliishia hapa."

"Amelifanya vizuri," Hilkka akasema.

*

Baada ya chakula aliomba begi lake. Tuomo alikuwa ziwani anampa Kai pole kwa kukosa samaki, kwa hiyo Annukka ndiye aliyelibeba, akidhani mama anataka sweta. Lakini Hilkka alilipokea, akalipakia kwenye kigari, akasukuma kupitia sebuleni kuelekea mlango wa kile chumba cha chini kama mtu anayekwenda kwake. Alikuwa anatabasamu. Annukka alisema baadaye kwamba lile tabasamu lilimtia wasiwasi kabla hajajua kwa nini.

Tuomo aliingia kutoka nje wakati mkono wa mama uko kwenye kitasa.

"Mama, huko hapaja—"

Mlango ulifunguka. Marobota ya pamba yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani. Kuta zilikuwa mifupa ya mbao mitupu, nyaya zinaning'inia. Kreti za bia za sikukuu zilikuwa chini, juu yake kuna koti la mvua la Kai na viatu vyake vyenye matope.

Hilkka alisimama hapo. Halafu akaufunga mlango polepole, kwa mikono miwili, kama mtu aliyefungua chumba cha watu wakiwa wamelala.

"Nilileta mapazia tu," akasema. "Nimeshona. Mtayatundika popote patakapofaa."

Alifungua zipu akayatoa. Yalikuwa ya kitani, ya buluu, yamepigwa pasi, upana ule ule aliotajiwa na Tuomo kwenye simu. Chini yake zilionekana shuka, foronya, na vazi la kulalia. Akavirudisha haraka, akafunga zipu, lakini Annukka alikuwa ameshaona.

"Mama," Annukka akasema, "ulidhani kimekwisha?"

"Aa, wapi. Ni mazoea tu ya kubeba vitu vingi."

 Tuomo alisimama na fimbo ya kuvulia mkononi, katika nyumba yake mpya, akatamani zege limmeze.

*

Jioni, jua bado liko juu kama ilivyo siku hizo, Hilkka aliomba arudishwe mjini. Alisema amechoka, hana zaidi ya hilo. Lakini Tuomo alikuwa ameshakunywa bia, Annukka mvinyo, Kai vyote viwili. Teksi ya kuja mpaka huku siku ya Juhannus ilikuwa ndoto ya mchana.

"Utalala kwenye kochi la sebuleni, Mama," Annukka akasema. "Nitakutandikia vizuri."

"Usijisumbue."

"Sisi tutoke chumba mlichotupa!" Marjut akaruka. "Kai, tutalala garini. Si tutalala garini?"

"Tutalala garini," Kai akasema, uso umemshuka.

"Jamani, hapana. Msihangaike," Hilkka akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. Kuhangaikiwa na kundi zima mbele ya wageni, tena jambo lenyewe kitanda, ndiyo aibu aliyokuwa ameikimbia maisha yake yote.

Katikati ya purukushani hiyo boti ya injini ilikata ghuba ikafika gatini. Alikuwa Lempi, mjane wa ng'ambo ya ghuba, mwanamke wa miaka sabini na kitu, kavu kama kuni, asiyegusa pombe na asiyeficha la moyoni. Alikuja kuwatania kwa sababu moto wao wa sikukuu pale ufukoni ulikuwa unatoa moshi tu.

"Hamjui hata kuwasha moto, nyie watu wa mjini? Hilkka! Kumbe upo! Mbona umekaa kama mtu anayengoja zamu posta? Kuna nini hapa?"

 Lempi aliwatazama mmoja mmoja, akalitazama begi, akautazama mlango wa chumba cha chini. Kwa watu wa ghuba ile hakuna siri ndefu. Alikuwa amemwona Tuomo tangu Mei akihangaika na baraza.

"Twende ukalale kwangu," akasema.

"Ndiyo," Hilkka akasema. "Nakuja."

Akashika kigari, akasimama.

Tuomo alisikia lile ndiyo kama mtu aliyepigwa kofi hadharani. Mama yake hajawahi kusema ndiyo mara ya kwanza. Hajamwambia daktari, hajamwambia mchungaji, wala marehemu mumewe, aliyekuwa akitania kwamba ilibidi apose mara tatu. Lempi mwenyewe alishtuka. Alikuwa ameshafungua mdomo kwa ajili ya kukaribisha tena.

"Hee," akasema taratibu. "Leo hata kukataa hukukataa."

Tuomo alimshika mama yake mkono mpaka gatini. Mkono ulikuwa mwepesi na mkavu, haukumminya wala haukujitoa. Alipomwingiza botini, mama alimshukuru.

*

Annukka alimkuta nyuma ya sauna anapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

"Lempi alikuwa na maana gani? Kwamba hata kukataa hakukataa?"

Tuomo akaendelea kupasua.

"Tuomo. Nakuuliza."

Akamweleza. Kuhusu mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Ilichukua muda mfupi sana, na hilo ndilo lililozidi kumtia aibu: kumbe maneno yenyewe yalikuwa machache hivyo.

Annukka alikaa kwenye kigogo. Kwa mbali Marjut alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo ulijua. Nimekuuliza amesemaje, ukaniambia amesema tusijisumbue, na ulijua maana yake."

"Nilijua."

"Ukaniachia mimi niwe ndiye niliyelitaka baraza."

"Si ulilitaka?"

"Nililitaka!" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nililitaka, ndiyo, kwa sababu niliamini mama hataki chumba. Mbele yake leo nimejisifu, umenisikia? Wikiendi zote ziliishia hapa. Nimemwambia hivyo usoni, Tuomo. Yeye na shuka zake kwenye begi."

Hakumwita majina. Angemwita, ingekuwa nafuu. Alijifuta uso kwa mkono wa blauzi, akarudi kwa wageni wake akawamiminia mvinyo.

*

Julai, pesa ya likizo ilipoingia, hawakununua kitu kingine kwanza. Tuomo alichukua likizo yake yote akaimalizia katika chumba kile. Alijaza ile pamba kwenye kuta, akapiga mbao za ukutani, nyembamba, za rangi ya asali. Aliweka sakafu yenye joto. Alifunga ngazi ya vidato vifupi na mkono wa kushikilia pande mbili, akasawazisha njia ya choo, akaitandika mbao kutoka mwanzo hadi mwisho. Wakati huu hakupiga mluzi. Annukka alipaka rangi fremu za dirisha, akatundika mapazia ya buluu kwa mikono yake. Yalikaa sawasawa.

Kila Tuomo alipopiga simu, mama alikuwa kwa Lempi. Alikuwa amerudi mjini mara moja tu, kuchukua dawa. Lempi alimpa chumba cha nyuma, na jioni tulivu sauti za wanawake wale wawili zilivuka maji mpaka kwenye baraza la Tuomo, wakibishana karata.

Siku chumba kilipokamilika walimwalika. Lempi alimleta kwa boti, akasema atamrudia baadaye. Hilkka alipanda vidato mwenyewe, hatua kwa hatua, mkono kwenye mbao laini, na Tuomo akasimama kando bila kumgusa.

Juu barazani Hilkka alimpa Annukka pakiti ya kahawa. Kisha akawapa mikono wote wawili.

"Asante kwa siku ile," akasema.

Annukka alijibu vizuri, akaipeleka kahawa jikoni. Tuomo alibaki palepale. Pakiti ya kahawa hubebwa na mgeni. Na maneno yale, asante kwa siku ile, ndiyo mgeni humwambia mwenyeji wanapokutana tena, mtu wa mbali kumwambia mtu wa mbali. Tangu azaliwe hajawahi kuambiwa na mama yake.

Alimwonyesha chumba. Hilkka alisimama kizingitini mpaka alipoambiwa karibu. Aligusa ukuta, akakanyaga sakafu, akasema ina joto zuri. Aliyatazama mapazia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, mgongo haujaegemea popote. Dirishani ghuba yote ilikuwa inameta.

"Utalala hapa leo, Mama?"

"Lempi ameshapika."

"Basi kesho. Ulale hapa kesho."

"Nimemwahidi tutachuma matunda ya msituni."

"Ulale siku yoyote, Mama. Ni chumba chako."

"Ni chumba kizuri sana," Hilkka akasema. "Wageni wenu watakipenda."

Tuomo alipiga magoti sakafuni, mtu mzima mwenye mvi.

"Nilijua, Mama. Nilijua nikikuuliza mara ya tatu ungekubali. Ndiyo maana sikupiga simu."

Alikuwa amejiandaa kusikia msijisumbue. Alikuwa amejiandaa hata kwa matusi. Hilkka alikuwa anayatazama maji, na alipojibu hakukuwa na hasira yoyote katika sauti yake.

"Najua. Nilikulea mwenyewe." Akahamisha mkoba kutoka goti moja kwenda jingine. "Wiki ile sikwenda hata dukani. Dukani kuna kelele, simu siisikii."

Kutoka barazani Annukka aliita kwamba kahawa iko tayari. Hilkka akainuka, akishikilia ukingo wa kitanda. Kabla hajaondoka aligeuka, akakinyoosha kitandiko kwa kiganja pale alipokuwa amekaa, akakinyoosha tena, mpaka pasionekane kuwa kuna mtu aliyekaa.